Pointi ya Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepaka buli zangu tatu, mipira yangu ya chuma, mafuta ya mawese, kama kila Jumatatu. Goti la kulia linauma. Umeme hakuna tangu jana, shati la klabu nimelipiga pasi ya makaa. Miaka arobaini ya petanki. Miaka arobaini ya kutupa chuma kikaribie kile kipira cha mbao, na bado hakuna mtu hapa Mangobo anayekikaribia kama mimi. Vikombe vyote saba vya klabu nimevileta mimi. Viko juu ya kabati la katibu, vimejaa vumbi.

Jumanne, 5 Agosti
Barua ya komite. Wananifanya président d'honneur, rais wa heshima tu. Diplome, hotuba, kiti cha plastiki kivulini. Nimeisoma mara tatu ndipo nikaelewa: kwenye timu ya watu watatu inayokwenda kushindana Kindu, jina langu halimo. Wamemweka Furaha. Furaha muuza samaki, niliyemfundisha mwenyewe kushika buli, kiganja kikiangalia chini. Klabu nimeianzisha mimi. Kanuni zake nimeziandika kwa mkono wangu. Sasa wananizika nikiwa hai, tena kwa adabu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekataa diplome. Nimewaambia: mimi na Furaha, wawili tu, Jumapili, hadi pointi kumi na tatu. Atakayeshinda aende Kindu. Katibu akatazama viatu vyake, akakubali. Ananihurumia, mjinga yule.

Jumapili, 10 Agosti
Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Zikabaki buli mbili karibu na kipira, yangu na yake, jicho halikuweza kuamua. Kwetu aliyetupa mwisho ndiye anayepima. Nilikuwa mimi. Nikapiga goti, nikafungua mita. Goti likauma, nikaegemea mbele. Ncha ya mita ikaisukuma buli ya Furaha nyuma, unene wa ukucha tu. Kanuni ya tisa, mwandiko wangu: anayepima akigusa, pointi si yake.

Nikasema, "Yangu."

Watu wakapiga makofi. Furaha alikuwa amesimama juu yangu. Akanipa mkono. Naenda Kindu.

Jumatatu, 11 Agosti
Hakuna aliyeona. Buli sijazipaka mafuta.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepanda toleka hadi sokoni, dereva wa baiskeli akilalamikia uzito wangu njia nzima. Furaha alikuwa anapanga samaki wa Yanonge. Nikamuuliza mbona jana hakuja mazoezini. Hakuinua kichwa.

"Papa, mi nilionaka. Bon, ningesema nini mbele ya batu? Ni weye ulinifundishaka."

Nimerudi kwa miguu, goti hili hili. Afadhali angenitukana pale pale uwanjani. Ameniachia pointi kama mtu anavyomwachia mzee kiti. Namchukia kwa hilo. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeingia mkutano wa komite bila kualikwa. Nikasoma kanuni ya tisa kwa sauti. Nikawaambia niligusa. Katibu akacheka: "Papa Ramazani, tuache ile maneno. Ile iko kitu kidogo."

Kitu kidogo. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nilidhani watashtuka, watanifukuza hata. Kumbe mchezo niliouishi maisha yangu yote, kwao ni wa kumfurahisha mzee. Nikachukua kalamu, nikafuta jina langu kwenye orodha, nikaandika la Furaha. Hakuna aliyenizuia. Katibu akavuta droo akatoa diplome. Ilikuwa tayari, na saini zote. Hata baada ya mimi kushinda hawakuichana.

Jumapili, 17 Agosti
Wameondoka asubuhi. Furaha alipita nyumbani kuniaga. Nilimpa mita yangu. Buli sikumpa.

Baada ya chakula nilikwenda uwanjani. Hakuna mtu. Nimefagia majani, nimekaa kidogo kwenye kile kiti cha plastiki. Kinayumba. Kisha nikatupa zote tatu. Nikapiga goti, nikapima kwa kamba ya kiatu.

Ya pili niliigusa. Sikuihesabu.