Siku Mama Alipocheka Mbele ya Baba

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sisi wa Area D ni wazima, na mama yako ameshavuna zabibu. Umeniuliza kama baba yangu, yule mkali wa kwenye picha, aliwahi kuwa mpole.

Televisheni zilipoanza kuingia Dodoma, alinunua moja. Kulikuwa na kichekesho cha zamani cha Waingereza, kuhusu familia ya enzi za malkia wao wa kale. Baba wa mle alikuwa na masharubu makubwa, na mezani hakuna aliyethubutu kusema kabla yake. Sisi watoto tuliuma kanga tusicheke, maana ungedhani ni baba yetu. Mama, aliyesimama mlangoni na sinia, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Tukaogopa. Baba akaiacha televisheni, akamtazama yeye.

"Mama Zuhura," akasema taratibu, "kumbe huwa unacheka hivyo?"

"Siku zote," mama akajibu. "Jikoni."

Wiki iliyofuata, kipindi kilipokaribia, baba alisogeza kiti kingine kando ya chake, kisha akaenda mwenyewe jikoni kumwita.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura