Hotuba Yangu Mbele ya Sindano

Swahibu, acha unachofanya unisome. Leo nimeadhirika, masikio bado yanawaka moto.

Wametuita wastaafu kule kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, tuwape nasaha mafundi wapya. Si unanijua? Nikawaambia niliwahi kuitengeneza mashine ya kukatia karatasi huku nimelala, nakoroma kabisa. Wakacheka mpaka basi.

Nikanogewa. Nikachomoa Kiingereza changu cha kamusi, nikasema kazi yangu pale ilikuwa ku-impart, yaani ujuzi wote niliwagawia wenzangu, sikubakisha hata punje.

Sindano akanyoosha mkono. Unamkumbuka, yule dada mwembamba niliyefanya naye kazi miaka kumi? Siku hizi ndiye msimamizi.

"Mzee wangu, kila ulipotaka kufunga kisu cha mashine ulinituma chai. Kwa nini?"

Kila mara, swahibu! Kweli kabisa. Niliogopa akijua kufunga kisu, watanitoa mimi wamweke yeye.

Nikajibu, "Nilikuwa na kiu, mwanangu." Hakucheka mtu.

"Basi ulipostaafu nikajifunza peke yangu," akasema.

Ndipo nikauona ule mkono. Una vidole vitatu. Vitatu, swahibu! Na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mimi huyu, mdomo wote huu, hata samahani imenishinda. Yeye akanivutia kiti.

"Kaa, mwalimu wangu."

Wala hakuwa ananikejeli.