Ile "Ndiyo" Niliyomjibu Papa Yako

Mapendo, dada yangu wa dawati moja,

Miguu yangu imevimba, daktari ameacha kunificha mambo, na mkono bado unaweza kushika kalamu asubuhi. Kwa hiyo nakuandikia asubuhi. Ningeweza kukuambia haya miaka yote uliyokuwa hai, tukikutana barabarani, wewe na bidoni zako za maziwa, mimi na madaftari ya wanafunzi. Nimengoja hadi usiweze kunijibu. Hilo nalo ni la aibu, na naliandika kwanza.

Unaukumbuka mwaka wetu wa tano wa sekondari. Tulipochagua kapita wa darasa, wewe ndiye uliyepita dawati kwa dawati ukinipigia kampeni. "Muchague huyu," ulikuwa ukisema, "hacheki hata ukimuchekesha. Mimi mukinichagua, klasi itakuwa soko." Walicheka, wakanichagua. Wewe ukapewa timu ya voleboli, na Jumatano ukawa unaongoza kikundi cha maigizo, ukimwiga prefe wetu, mkuu wa shule, anavyotembea na mikono mgongoni, mpaka siku moja yeye mwenyewe akasimama mlangoni akakuangalia hadi mwisho, akaondoka.

Kazi yangu ilikuwa karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, naandika majina. Kila ukizungumza, msalaba mmoja mbele ya jina lako. Mwalimu hakuwa anauliza swali. Kapita akiandika, imekwisha. Nawe misalaba hukuikosa, miwili au mitatu kwa wiki, na ulikuwa unaistahili.

Kisha ikaja habari ya mechi ya voleboli kule Itebero. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufika kule msituni Walikale. Sisi tulijua vilima, ng'ombe na ukungu. Lori lilikuwa na nafasi ya wachezaji wanane. Mimi nilikuwa wa tisa katika timu. Mwalimu akatangaza kwamba mwenye misalaba mingi wiki hiyo atabaki.

Nilikuandikia misalaba kumi na mmoja, Mapendo. Wiki hiyo ulikuwa umezungumza mara mbili. Moja ulikuwa unaniuliza mimi kama nina kalamu ya ziada.

Nilitegemea utakasirika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukujibu. Ulikuja ukaiangalia karatasi ukutani, ukahesabu kwa kidole, ukashika mdomo. "Kapita, nilisema hivi yote? Hii kinywa yangu itaniua." Nikakuambia hukujisikia tu. Ukasema, "Kama umeandika, basi nilisema." Uliiamini karatasi yangu kuliko masikio yako.

Nilikwenda Itebero nikiwa nimevaa jezi yako. Tulishindwa. Niligusa mpira labda mara nne, na sevisi yangu ya mwisho iliishia kwenye wavu. Tuliporudi ulikuwa umesimama barabarani, umelowa mvua, ukiuliza kama tulishinda. Ulinifariji mimi.

Nakuapia nilidhani imeishia hapo, mechi moja na safari moja. Sikujua kwamba mwisho wa muhula mwalimu huchukua karatasi zote na kuzigeuza kuwa alama ya mwenendo kwenye buletini, ile karatasi ya matokeo. Lakini hilo linanisaidia kidogo tu, kwa sababu lililofuata nililijua vizuri.

Papa yako alipanda kutoka Kirolirwe siku ya kuchukua buletini. Wewe mwenyewe ulikuwa umeniambia mapatano yenu: utasoma mradi shule isimletee aibu, kwa maana ndugu zake walikuwa wanamcheka kwa kuuza ndama ili binti ashike kitabu. Hakujua kusoma. Alinikuta uani, akanipa ile karatasi, akaegemea fimbo yake. "Unisomee, mama, wewe njo kapita wao."

Nikasoma. Hesabu, vizuri. Kifaransa, vizuri sana. Wa pili darasani. Alikuwa anatabasamu chini ya kofia. Ningeweza kuikunja hapo. Nikasoma: mwenendo, mbaya.

Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayenisihi: "Wewe iko mwenzake. Munakula pamoja. Hii kitu wameandika, iko kweli?"

"Ndiyo, Papa. Iko kweli."

Aliichukua buletini, akaitia ndani ya koti. "Asante kwa kusema kweli, mutoto wangu," akasema, akashuka.

Muhula uliofuata nilikaa peke yangu kwenye dawati letu. Kabla mwaka haujaisha wakakuoza. Mimi nikapata diploma, nikafundisha, nikawa mkuu wa shule ya msingi. Ukaniletea binti yako Riziki nimwandikishe, ukamsukuma mbele yangu. "Umusikilize huyu mama. Mimi kinywa iliniponza, na yeye aliniandika kwa haki." Niliinama kwenye rejista nikijifanya natafuta ukurasa.

Tangu ulipotutoka, Riziki ndiye anayenitunza. Ni muuguzi hodari. Kila alasiri anakuja kuniosha mgongo na kunipaka mafuta miguuni, ananiita Mama Mwalimu. Hupenda kunisimulia kwamba mama yake alikuwa mkorofi, shule ikamshinda. Anasimulia akicheka, nami nimecheka pamoja naye, mara nyingi, huku mikono yake ikiniosha.

Juzi nilimpa kurasa hizi, hadi hapo juu. Alizisoma amesimama, taulo begani. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akausoma tena.

"Babu alikuuliza wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ulijua iko uongo."

"Nilijua."

Nilidhani angetoka. Alichota maji, akaniosha kama kawaida, hata katikati ya vidole vya miguu. Akakunja taulo, akafunga mlango taratibu.

Jana hakuja. Leo pia jua limepita saa yake, nami naandika kwa mkono uliochoka. Jirani amejitolea kumpigia simu, nimemkataza. Watu watamuuliza kwa nini haji tena kwangu. Nataka awaeleze kisa chote, kwamba mama yake alikuwa wa pili darasani na mwenendo wake haukuwa mbaya, na nani alisema vingine. Jina langu alitaje, asinisetiri kwa sababu ya uzee.

Kuoga nitajaribu mwenyewe kesho, nikiweza.

Wewe lala, Mapendo. Sikuombi kitu.

Mwenzako wa dawati, aliyekuwa kapita wako