Kabla Baba Hajawasha Moto

Nyumbani, chumbani kwa Shangazi
Jumatano mchana

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Kifua kimepona? Sisi ni wazima, ila usingizi umetupa kisogo. Naandika kwa sababu ukipiga simu Baba huweka spika, na haya si ya masikio yake. Barua nampa dereva wa lori la mbao. Ameapa utaipata kesho.

Kaka, uliposema unakuja na wakwe zako na ungependa kukuta kiwanja kimesafishwa, Baba alilichukua neno hilo kama amri. Amefyeka vichaka vyote peke yake, akavirundika nyuma ya nyumba ya Shangazi, na unajua nyumba ile ni mbao tupu. Rundo limefika usawa wa dirisha.

Kibali cha kuchoma alipewa kabla upepo haujaanza. Sasa unavuma kutwa, nyasi zinalia ukizikanyaga, na jana Bwana Misitu alikuja mwenyewe kumsihi asubiri utulie.

“Kibali ninacho, na mwanangu anakuja,” Baba akamjibu. “Jumamosi nawasha.”

Unamjua, haambiliki. Nilificha viberiti vyote vya nyumbani. Akanunua vingine, tena akanikonyeza! Nilicheka, kisha nikaingia jikoni nikalia kwa hasira. Naogopa, Kaka.

Shangazi tangu avunjike nyonga hawezi hata kujigeuza. Nimemwomba ahamie kwetu, kakataa katakata, eti hawezi kumwaibisha kaka yake mbele ya majirani. Lakini kila asubuhi huniuliza, “Upepo umeamkaje?” Nami humdanganya kwamba umeamka vizuri.

Basi piga simu kabla ya Jumamosi, na akiweka spika, aweke tu. Mwambie utafyeka mwenyewe, mwambie wakwe wanapenda vichaka, mwambie chochote. Anachoma kwa ajili yako, na hamsikilizi mtu ila wewe. Barua hii usiitaje, nisije nikachomwa mimi.

Nisalimie wifi yangu mtarajiwa, umwambie familia yetu ina akili siku nyingine.

Shangazi anakusalimu sana. Leo hakuniuliza habari za upepo. Ameniomba tu nimsogezee kitanda karibu na mlango.

Mungu akutunze huko, na sisi atushikie upepo huu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikufokea.