Kasi ya Ijumaa Saa Saba

Tabora

Mdogo wangu Bosko,

Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea: marahaba. Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi mitatu. Sikutaka kukuandikia nikiwa nimeshindwa. Hujambo? Goti la mama linaendeleaje?

Unajua kwamba nimekuja huku, kwa kuwa huko kwetu mtandao haushiki, kuwafundisha Kiswahili, kwa kompyuta, wanafunzi wa chuo kimoja cha ng'ambo. Somo langu la majaribio lilikatikakatika hadi tukaliacha. Chuo kikanipa nafasi moja ya mwisho, saa kumi na moja jioni.

Fundi wa mtandao alikuja Ijumaa saa saba mchana, akapima kasi kwa simu yake, amesimama kando ya kifaa cha intaneti sebuleni. "Megabiti arobaini, Mama! Namba haidanganyi." Nikaamini. Jioni nilipompigia binti yangu kwa video, uso wake uliganda mdomo wazi.

Ndipo nikafungua daftari. Wiki nzima nilipima asubuhi, mchana na jioni, mara tatu kila kipindi, kwa kompyuta ileile, mahali palepale. Asubuhi namba zilifanana. Jioni zilipanda na kushuka, nyingine hazikufika hata tatu. Chanzo kilikuwa barazani. Baada ya swala ya alasiri, majirani huja kuketi kwa mwenye nyumba wangu, Mzee Salum, fundi wa ndoo za bati, naye huwapa nenosiri la intaneti yetu kama awapavyo maji ya kunywa. Ijumaa ile saa saba, wote walikuwa msikitini.

Nilimwita fundi wa mtandao, nikamwekea daftari mbele yake. "Ulipima nyumba tupu."

Akalisoma, akacheka. "Mama, hapo umenishika."

Mzee Salum akadakia, "Mwalimu, majirani zangu siwafukuzi!"

"Sijakuomba uwafukuze. Nataka fungu langu."

Fundi akaivutia kompyuta yangu waya, akaitengea sehemu yake ya kasi. Mzee Salum akawatangazia wa barazani, "Haya jamani, hata intaneti Mwalimu ameipanga mstari!"

Bosko, jana nimefundisha saa nzima, baraza limejaa, na haikupotea hata silabi moja. Nimefaulu! Chuo sasa kinanitaka kwa mwaka mzima.

Mfikishie mama shikamoo yangu. Msalimu mkeo, na shangazi anayeitunza kahawa yetu. Najua mama anataka nirudi Mbinga, kwa hiyo mkataba bado sijautia sahihi. Msomee barua hii, unieleze atakachosema. Nikishaamua, wewe ndiwe wa kwanza nitakayemwandikia.

Dada yako mkubwa,
Skolastika