Mtama Baridi wa Bi Somoe

Mtwara, Desemba

Shikamoo mama yangu,

Kwa joto la huku, wewe uliyezoea baridi ya Moshi ungeshinda ndani ya pipa la maji. Jana Bi Somoe, jirani yangu hapa Mtawanya, aliniita chakula cha mchana. Akafunua sinia la mtama mzima uliochemshwa, nikagusa: baridi kabisa! Nikakumbuka ulivyonuna kwa shangazi siku tuliyotengewa wali wa jana. Nadhani na mimi nilinuna, maana Bi Somoe aliangua kicheko.

"Mwalimu, hicho si kiporo! Nimeupika alfajiri, nikautandaza kwenye ungo upoe kwa ajili yako."

Mama, huyu mwanamke ni fundi! Zamani alimpikia Mgiriki mmoja wa bandarini, ambaye wakati wa joto alipenda ngano nzima iliyopoa, yenye matango, nyanya, zeituni, jibini na limau. Bi Somoe akaihamishia Mtwara. Penye ngano akaweka mtama, penye mafuta ya zeituni akatia ya ufuta, na zeituni zenyewe akazibadili kwa embe mbichi za chumvi. Jibini hakulitaka hata kulisikia. Alimwagia korosho alizokaanga mwenyewe, zikawa zinalia mdomoni. Niliongezwa mara mbili, na ya tatu nikajipakulia.

Nikija likizo nitakupikia mtama huo asubuhi, nikutengee mchana ukiwa umepoa. Nakuomba tu, mama, usinune kabla hujaonja.

Akupendaye na kukukumbuka kila nikishika mwiko,
Anjela