Joho la Kiti cha Mbele

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Baba mkwe kaingia tena dukani bila hodi. Nimeruka kutoka kwenye cherehani, nikajibanza nyuma ya mlango, pini mdomoni. Anajua simtazami, simsemeshi, silitaji jina lake. Hata humu siliandiki. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na bado ananivamia! Kachukua mkasi, kasonya, katoka. Kwao Pangani hawana mila hii ya kumkimbia mkwe, anaiita dharau. Mimi pia ni wa pwani, lakini nilifundishwa na mama, mama na bibi, bibi na mama yake. Sababu sikupewa. Ndiyo adabu, basi.

Jumanne, 12 Agosti
Kaja Mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu, mwalimu mstaafu wa Bulyaga, mwenyeji wa huku bara. Tarehe 23 mji utaadhimisha mwisho wa utumwa, pale uwanjani. Anataka kaniki kumi na mbili za wanafunzi watakaoigiza watumwa. Na joho moja jeusi, pindo la dhahabu, la tajiri anayewanunua. Kanipa karatasi ya vipimo.
Navijua: ni vipimo vya baba mkwe!
Nikauliza kama mwenyewe anajua. Akacheka. "Anajua atavaa joho na kukaa kiti cha mbele. Ninyi watu wa pwani si ndio mlikuwa mnatununua?"
Kaniki nitashona. Joho sishoni. Nimemwambia hivyo, karatasi nimemrudishia.
Mama yake bibi yangu alinunuliwa. Alitekwa bara akiwa msichana, akauzwa pwani, hakusema kwao ni wapi. Hilo sikumwambia. Kwetu halisemwi. Namchukia huyu mwalimu.

Ijumaa, 15 Agosti
Baba mkwe kanyoa ndevu. Anazunguka mtaa wetu mzima, huu uitwao Bagamoyo hapa hapa mjini, akitangaza kwamba kaalikwa kama mgeni wa heshima. Wanaojua wanamtazama na kucheka chinichini. Washenzi kabisa.
Nimempigia mume wangu, yuko Kyela ananunua mchele. Naye kampigia baba yake. Jibu alilopewa: "Mkeo miaka yote hanipi hata salamu, leo ndiyo ananionea uchungu? Mwambie aache husuda."
Nimelia. Si huruma, ni hasira. Ameaibika tayari na hajui.

Jumatano, 20 Agosti
Joho wamekodi Mbeya. Mwenyekiti kapita nalo dukani makusudi, nilione.
Nilizilegeza nyuzi za kaniki ili zipasuke mbele za watu. Kisha nikafumua zote, nikashona upya. Watoto wamekosa nini.

Jumamosi, 23 Agosti
Ukungu asubuhi, manyunyu, uwanja umejaa. Baba mkwe jukwaani, kiti kikubwa, joho linameremeta. Anawapungia watu mkono. Masikini, alikuwa na furaha! Hotuba. Kwaya. Halafu wanafunzi wakaletwa wamefungwa kamba shingoni, wamevaa kaniki zangu. Mwenyekiti akashika kipaza sauti: "Tajiri, chagua mali yako." Akampa kiboko.
Watu wakaangua kicheko. Baba mkwe akakitazama kile kiboko. Akatazama watoto. Hakuelewa, au alielewa. Akabaki amekishika tu. Mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Piga, Mwarabu!"
Nikasimama. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti yote niliyonayo. Nikasema, "Baba, shuka. Wanakucheka. Shuka twende nyumbani."
Akanitazama. Nikajifunika khanga uso mzima, nikachutama, nikampa mgongo. Nilisikia kiboko kikianguka. Akashuka, akapita mbali nami.
Bibi mmoja wa Lufingo, mwenye tenga la ndizi, akachutama kando yangu. Akauliza nani kanifundisha kumkimbia mkwe. Nikamtajia wote, mpaka yule aliyetekwa bara.
Akatua tenga lake chini. "Watu wa pwani hawana hii. Hii ni ya kwetu, mwanangu. Huyo mama alitoka huku huku."
Nikamjibu, "Basi na aliyemuuza alitoka huku huku."
"Ndiyo," akasema. Hakubisha. Akanishika mkono mpaka watu walipotawanyika.
Sijui kama nina furaha. Nina hasira zaidi. Miaka kumi na tisa naitwa mtu wa kuja.

Jumapili, 24 Agosti
Mume wangu karudi. Nimemweleza yote, na maneno ya yule bibi. Kaenda chumbani kwa baba yake, kakaa saa nzima. Hakuniambia walichoongea. Sikuuliza.
Joho liko kwenye kamba, limefuliwa. Kalifua baba mkwe mwenyewe.

Jumatatu, 25 Agosti
Mvua. Nimeshona sare mbili.
Saa nne nimesikia mtu akikohoa nje, mbali, kwenye kona ya duka. Akangoja. Akakohoa tena. Nikainuka taratibu, nikaenda nyuma ya mlango, sikukimbia.
Ndipo baba mkwe akaingia, akarudisha mkasi mezani, akatoka.